Dobi Aliyeogopa Maji

Bibi yangu mzaa mama alikuwa dobi, na alikuwa anaogopa maji. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee. Mtaa mzima ulicheka vilevile, na mwenyewe alishazoea.

Ninamwandika kwa sababu ya vijana wa siku hizi. Wao wanabatizwa mchana kweupe, katika ukumbi wenye birika la marumaru, huku ndugu na jamaa wamesimama pembeni wakitabasamu. Nguo nyeupe wanazovishwa wakitoka majini nazishona mimi, na kila moja naipiga mishono miwili ya uzi wa buluu upande wa ndani wa pindo. Juzi binti mmoja kaniambia, "Bibi, umesahau kutoa uzi." Sijasahau. Mwingine, anayejiona msomi, akaniuliza desturi hii ya kuzamishana majini ilianzia wapi hasa. Nilikuwa nimebana sindano kwa midomo, nikamwitikia kwa pua tu. Sasa sindano nimeiweka chini.

Nyumba ya Bibi ilikuwa kwenye kona, mbele barabara, nyuma uchochoro. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupokelea nguo. Nyuma yake palikuwa na ua uliosakafiwa, wenye mitungi ya mkojo uliochacha. Ndiyo, mkojo, usikunje uso. Enzi hizo ndio uliong'oa mafuta kwenye nguo, na madobi waliweka mitungi pembeni mwa barabara ili wapita njia wawasaidie. Nguo zilikanyagwa humo kwa miguu, zikapakwa udongo mweupe, zikasuguliwa, kisha zikasuuzwa katika birika la mawe lililokuwa katikati ya ua. Kina chake kilifika kifuani mwa mtu mzima. Maji yaliingia kwa bomba la udongo kutoka mfereji wa mji na kutokea upande wa pili, kwa hiyo hayakulala.

Bibi hakuwahi kuingia mle. Alisuuza akiwa nje, ameinama, mikono tu ndiyo imezama. Maji ya magoti hayakumsumbua. Lakini kichwani hakuruhusu tone. Uso aliufuta kwa kitambaa, nywele alizisafisha kwa mafuta na kitana, na mvua ikianza alikuwa wa kwanza kukimbilia ndani. Utotoni alitumwa mtoni kuteka maji pamoja na mdogo wake wa kiume, aliyemfuata kuzaliwa. Mtoto akateleza. Bibi akamdaka mkono, akaung'ang'ania, na mkono ule uliolowa ukamponyoka. Alimwona akienda chini macho wazi. Tangu siku ile, maji yakimgusa uso, pumzi ilimkatika.

Jambo la pili la kujua kuhusu Bibi ni kwamba alikuwa mkali kama pilipili kwa habari ya alama. Kila mteja alikuwa na uzi wake pindoni: huyu mwekundu mara moja, yule wa njano mara mbili, na buluu mara mbili ilikuwa ya nyumba yake mwenyewe. Nguo isiyo na alama haikuvuka mlango wake. Kulikuwa na askari mmoja, mtaa ulimwita Kiraka kwa sababu joho lake lilikuwa viraka vitupu, ambaye Bibi alimrudisha na mzigo wake mvua ikinyesha, eti uzi umekatika. Alimwambia mbele ya wenzake kwamba hata liwali angeambiwa vivyo hivyo. Kiraka aliondoka amelowa chapachapa, na tangu siku hiyo wakawa watani. Yeye alimwita Bibi "samaki," Bibi akamwita "mwana wa mfalme."

Sasa mama yangu. Alikuwa binti pekee, baba yake ameshafariki, na alikuwa akipeleka nguo majumbani. Huko ndiko alikokutana na Wakristo. Wakati huo neno hilo halikutamkwa kwa sauti. Aliyeshukiwa aliletewa chetezo afukize ubani mbele ya sanamu ya mtawala, na aliyekataa nyumbani hakurudi. Mwokaji wa mtaa wa pili alichukuliwa pamoja na mkewe, na mikate yao iliungua tanurini maana hakuna aliyethubutu kuingia kuitoa. Bibi alipogundua binti yake anakwenda wapi jioni, alikaa chini akashika tumbo.

"Mwanangu, unataka kuniua?"

"Mama, hatufanyi ubaya wowote."

"Sijauliza ubaya. Nimeuliza kama unataka kuniua."

Kiongozi wao alikuwa fundi viatu, mzee mwembamba mwenye kikohozi, na mwoga ajabu. Mlango ukigongwa alikuwa anaangusha kisu chake cha kukatia ngozi. Bibi alimtembelea akiwa na nia ya kumtukana, lakini alipomwona anavyotetemeka matusi yakamwishia. Akamuuliza tu wanamtakia nini mwanawe.

"Tunataka kumbatiza," Fundi Viatu akasema, huku akichungulia dirishani. "Amefundishwa vya kutosha. Shida ni mahali. Mtoni kuna walinzi."

"Kumbatiza ndiyo kumfanyaje?"

"Kumzamisha majini."

Bibi alisimama kutaka kuondoka. Fundi Viatu akamfuata mlangoni na kumsimulia kwa haraka, kwa kunong'ona, kama mtu anayemwaga mzigo. Alisema kwamba katika taifa alikozaliwa Bwana, watu walikuwa na visima vya kujitakasia tangu kale. Mtu akigusa maiti, mwanamke akijifungua, yeyote kabla ya kupanda hekaluni, alishuka majini na kujizamisha mwenyewe, na kesho akichafuka alirudi tena. Kisha akatokea mtu wa jangwani aliyesimama mtoni na kuwazamisha wengine kwa mikono yake, mara moja tu, akiwataka wageuze maisha yao kabla ya hukumu. Bwana mwenyewe alishuka katika mto ule. Alipokwisha kuuawa na kufufuka, wafuasi wake wakaendelea hivyo kwa jina lake. Mwanzoni mtu aliamini asubuhi na kubatizwa mchana. Siku hizi, akasema, tunamfundisha kwanza kwa muda mrefu, tunafunga pamoja naye, tunamchunguza mwenendo.

"Kwa nini mnachelewesha?"

"Kuna mengi ya kujifunza." Akakohoa. "Na kuna wapelelezi."

Bibi akafikiri. "Kwa hiyo zamani mtu alijiosha, sasa anaoshwa."

"Ndiyo. Hakuna anayejibatiza."

"Hata nguo haijifui," Bibi akasema, na akajikuta ametabasamu, jambo lililomuudhi njia nzima ya kurudi nyumbani.

Alichokitaka Fundi Viatu ni maji yanayotembea. Hayo ndiyo waliyoyapenda tangu mwanzo, kwa sababu ya ule mto. Yakikosekana, maji mengine yoyote. Baridi yakishindikana, hata ya moto. Na yasipopatikana ya kumtosha mtu kuzama, basi anamiminiwa kichwani mara tatu, na inatosha. Mama yangu alimweleza Bibi haya yote huku wakikunja nguo, kisha akatazama lile birika uani, bomba likiingiza na bomba likitoa. Bibi ndiye aliyesema, kwa shingo upande, kwamba kama ni lazima mwanawe azamishwe, basi azamishwe mahali ambapo mama yake yupo na kamba mkononi.

Na kamba alikuwa nayo kweli. Alfajiri ile, kabla barabara haijapata watu, walikuja watano wa kubatizwa kwa uchochoro wa nyuma, mmojammoja, na mama yangu akawa wa sita. Wanawake wazee wa kundi walitundika mashuka kugawa ua, waume huku na wake kule. Bibi alisimama kwenye kona akisikiliza barabara. Walivua, wakapakwa mafuta, wakashuka, wakaulizwa na kujibu kwa sauti ya chini, wakazama mara tatu. Binti yake alipoingia, Bibi alifumba macho, akafumbua, maana kutoona kulikuwa kubaya zaidi. Maji yalimfunika mwanawe. Bibi aliikaza ile kamba mpaka nyuzi zikamkata kiganja. Mama alipoibuka mara ya tatu anacheka na kutema maji, Bibi alikuwa ameketi sakafuni bila kujua ameketi saa ngapi.

Wakavishwa nguo nyeupe mpya, zote za kitambaa kimoja na mshono mmoja. Wakasali. Lakini hakuna ambaye angetoka barabarani na nguo ile, kwa hiyo wakazivua, wakavaa zao za kila siku na kutawanyika. Mama naye akatoka kwenda mahali walipokubaliana kula pamoja, kwa mara yake ya kwanza. Nguo sita zilibaki zimelowa kwenye ukingo wa birika, na pindoni zimeshika vumbi la ua.

Hapa ndipo palipoharibika. Bibi alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu mikono yake hufanya inachokijua. Juu ya maji ya birika kulikuwa na utando wa mafuta ambao ungetia madoa nguo za wateja, akang'oa kizibo yatoke yote. Akachukua nguo zile sita, akazisuuza bombani, akazikamua, akazipeleka mahali nguo nyeupe zinapopelekwa siku zote, kwenye kamba ya mbele, upande wa barabara, kwenye jua kali. Akazinyoosha vizuri, pindo kwa pindo. Alifanya kazi safi kabisa. Kisha akaenda kuwasha moto.

"Samaki! Hujambo?"

Kiraka alikuwa amesimama chini ya kamba.

"Sijambo, mwana wa mfalme," Bibi akajibu, na alipotoka mlangoni akaona alichokianika. "Joho lako tayari. Ngoja nikuletee."

"Hizi za nani?"

"Za wateja."

Kiraka aligeuza pindo la nguo ya kwanza, akageuza la pili. Hakuwa anachunguza, alitafuta mzaha. "Ah, Mama Dobi! Leo umepokea nguo bila alama? Mimi ulinirudisha na mvua yote ile!" Akaangua kicheko. Akageuza la tatu, na la nne, na kicheko kikamkauka. Muuza vyungu wa ng'ambo ya barabara, ambaye ndiye aliyetusimulia sehemu hii, alisema uso wa askari yule ulizeeka palepale.

"Mama Dobi," akasema kwa sauti ya chini, "asubuhi tumeambiwa kambini tuangalie nguo nyeupe mpya zilizolowa."

Akatazama barabara pande zote mbili.

"Mkubwa wangu anapita mtaa huu kabla ya adhuhuri, na mimi nitakuwa naye. Zikiwa zimeondoka kambani, nitaulizwa zimeenda wapi, na watu wameniona nazishika. Nina watoto, Mama Dobi." Alirudisha pindo mahali pake, akalinyoosha kwa vidole. "Zikiwa hazina mwenyewe, atakutaka uwataje wenyewe. Wote. Na wana njia za kumfanya mtu ataje."

Akaondoka bila joho lake.

Wewe ungefanyaje? Mimi nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu ni kukimbia. Bibi naye alitamani kukimbia. Mama yangu alipofika mbio kwa uchochoro, kwa kuwa habari za askari zilikuwa zimeshaenea, alimkuta ameketi chini ya kamba, na nguo moja mapajani ingali mbichi, anashona. Alikuwa amejichoma kidole, na tone la damu lilikuwa limeingia kwenye kitambaa. Nguo nne zilikuwa tayari. Buluu mara mbili, buluu mara mbili.

"Mama, twende! Fundi Viatu ameshatoroka, wengine wanaondoka sasa hivi. Acha hizo nguo!"

"Nikiondoka watamkuta nani? Wataanza kuuliza nyumba kwa nyumba. Kwanza watauliza binti wa dobi yuko wapi." Akakata uzi kwa meno. "Wakija wakute nguo, na wamkute mwenyewe."

"Wewe si mmoja wetu! Hata hujabatizwa!"

"Naijua alama ya nyumba yangu. Nipe hiyo nyingine."

Mama alilia, akapiga magoti, akavuta mkono wake. Bibi alimwacha avute. Alimaliza ya sita, akaianika, akazipanga zote pindo kwa pindo kama mwanzo. Kisha akaingia uani, akasimama kando ya birika na kusema jambo ambalo Mama hakulitazamia hata kidogo.

"Sasa nioshe."

Birika lilikuwa tupu. Bomba lilichuruza polepole, na kujaza lile shimo kungechukua nusu siku. Palikuwa na jagi la kusuuzia tu, limekaa ukingoni.

"Mimi? Mimi nimebatizwa leo asubuhi, Mama. Siwezi. Hiyo ni kazi ya Fundi Viatu."

"Fundi Viatu yuko wapi?"

Mama akatazama mlango wa uchochoro.

"Basi. Mlisema hakuna anayejibatiza, na mlisema kumimina kunatosha. Mmesema wenyewe, sikuwalazimisha." Alikuwa anajaribu kutania, lakini meno yalikuwa yanagongana. "Nishike mkono. Usiniachie mpaka niseme."

Mama alimshika mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akakinga jagi kwenye bomba. Alimuuliza yale maswali aliyoulizwa yeye alfajiri, na Bibi akajibu. Maji ya kwanza yalipomgusa paji la uso, Bibi alipiga ukelele wa mtoto mdogo. Mama alisema hajawahi kusikia sauti ile tena kwa kiumbe yeyote. Alitaka kuacha. Bibi akatikisa kichwa, macho ameyafumba, akahema, akasema, "Nyingine." Mama akamimina. Bibi alikuwa anapapatika hewani kwa mkono wa pili, anatafuta kitu cha kushika, na midomo yake ilikuwa inaita jina la yule mdogo wake. "Nyingine." Mama akamimina mara ya tatu. Maji yaliteremka shingoni, mgongoni, mpaka sakafuni, yakaenda kwenye mfereji pamoja na ya nguo za watu.

Kisha Mama akatoka kwa mlango wa nyuma, na hakumwona tena.

Yaliyofuata ni ya muuza vyungu. Mkubwa wa askari alifika na watu wanne, Kiraka akiwa wa mwisho. Akauliza nguo ni za nani. Bibi alisimama mlangoni ameegemea mwimo.

"Zangu."

"Zote sita?"

"Tazama alama, afande. Buluu ni ya nyumba hii. Mtaa mzima unajua."

Mkubwa akageuza mapindo yote. "Mwanamke mmoja, nguo sita mpya?"

"Nimefua za watu maisha yangu yote. Na mimi nisiwe na zangu?"

Mtu mmoja kwenye umati akacheka, akajizuia. Mkubwa yule hakucheka. Alikuwa anamtazama Bibi kichwani.

"Na mbona umelowa nywele?"

Hapakuwa na mtu pale asiyejua kwamba kichwa kile hakiguswi na maji. Kiraka, aliyemtania kwa hilo miaka yote, alitazama viatu vyake. "Huyu ni dobi, mkubwa," akasema, kwa sauti nyembamba. "Madobi hulowa." Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa akiba yote ya ushujaa aliyokuwa nayo, na aliitoa yote. Simlaumu tena. Zamani nilimlaumu.

Chetezo kikaletwa. Bibi alitetemeka kiasi kwamba askari wawili walimshikilia asianguke, na akiwa ameshikiliwa hivyo akasema hapana. Wakamtaka ataje wenzake. Akasema nguo ni zake. Wakauliza tena na tena, na kila mara nguo zilikuwa zake. Walikata kamba, wakazikusanya, wakaondoka naye. Katika ile purukushani nguo moja ilianguka mfereji wa barabarani, na muuza vyungu, ambaye hakuwa Mkristo wala chochote, aliifunika kwa chungu mpaka mtaa ulipotulia. Bibi alipopita mbele ya duka lake, nywele zilikuwa bado zinachuruzika maji begani.

Hakurudi. Wenzake Mama wote watano walisalimika, na mmoja wao ndiye babu wa huyo binti aliyeniambia nimesahau uzi.

Nguo iliyofunikwa kwa chungu nilivishwa mimi siku nilipobatizwa, katika mji mwingine, nikiwa msichana. Ilikuwa na doa dogo la damu karibu na mishono. Nilikuwa naogopa maji. Hofu hii nimeirithi. Mama alinishika mkono mpaka ukingoni, na hapo ndipo aliponiambia lile ambalo hakuwa ameniambia kabla. Alisema kumimina maji hakukuwa kugumu. Kilichomshinda ni kuuachia ule mkono. Askari walikuwa wameshasikika barabarani, naye amesimama tu, ameung'ang'ania, hawezi kufungua vidole.

Bibi ndiye aliyeuachia.